Wakimbizi wa Duro na Wazamiaji wa Durban



Najua wengi mkiona mada inahusu riwaya za Star Wars mtasema huyu jamaa wa Bondeni amekosa kazi ya kufanya. Nivumilieni kidogo. Hii ni siasa, tena siasa yetu wenyewe, sisi wabeba boksi na ninyi mlioko nyumbani.

Hapa Durban wapo vijana wetu wengi tu, Watanzania, Wakenya na Wakongo, wanaosoma vitabu vya mitumba. Vinavyopendwa mno ni vile vya vita vya galaksi, hasa mfululizo wa The New Jedi Order, vitabu 19 vilivyotoka kati ya 1999 na 2003 kuendeleza habari za zile filamu. Wavamizi waitwao Yuuzhan Vong wanaingia kutoka nje ya galaksi na kuteka sayari moja baada ya nyingine. Nimesikiliza maoni ya wasomaji hawa kwa miaka, kwenye mabenchi ya saluni na baada ya swala ya Ijumaa, na ninayapinga karibu yote.

Kuna wanaolalamikia kifo cha Chewbacca. Katika Vector Prime, kitabu cha kwanza, yule rafiki wa Han Solo mwenye manyoya anakufa, na wasomaji huko Marekani walikasirika kiasi cha kumtishia maisha mwandishi, R. A. Salvatore. Hata hapa bado wapo wanaonuna. Sawa, nuneni. Ila pale pale sayari nzima ya Sernpidal iliangukiwa na mwezi wake, na sijakutana na mtu hata mmoja anayeikumbuka Sernpidal. Kuna na wale wanaosema vitabu hivi havihesabiki tena, kwa kuwa Aprili 2014 kampuni yenye mali ilitangaza kwamba hadithi zote za zamani ni ngano tu, si historia halali ya galaksi. Hao sina muda nao. Mtu anayengoja kampuni imwambie ni hadithi gani aiamini, huyo hata magazeti anayasoma hivyo hivyo.

Kilichonifanya nishike kalamu ni Balance Point, cha Kathy Tyers, cha mwaka 2000. Hiki kila mtu anakiponda. Eti kinachosha, eti meli za kivita ni chache, eti nusu nzima ni habari za kambi. Ndiyo, ni habari za kambi! Duro ni sayari ambayo viwanda viliiharibu hata wenyeji wakahamia kwenye miji inayoelea juu, wakaiacha ardhi na sumu yake. Wakimbizi wa vita wanapokosa pa kwenda, huko chini ndiko wanakopelekwa, ndani ya makuba, kwa matumaini kwamba watawasafishia wenye nchi uchafu wao. Wenyeji wanawatazama kutoka juu na kuwahesabu mzigo. Leia, mliyemzoea kama binti wa kifalme, hapa ni msimamizi wa kambi, anahangaika na maji na chakula. Halafu jemadari wa wavamizi anatoa sharti: wakabidhini Jedi wote, nami nitaacha kuteka sayari zenu. Baada ya hapo, watu walioogopa wanaanza kuwawinda majirani zao wenyewe.

Sasa mtu anayeishi Durban anakisoma hiki na kusema hakimhusu?

Mei 2008, vurugu za kuwafukuza wageni zilipoanzia Alexandra, Johannesburg, na kusambaa nchi nzima, waliuawa watu 62. Kati yao 21 walikuwa raia wa nchi hii hii, na wapo walioonekana "wageni" kwa sababu ya lugha yao tu. Aprili 2015 moto uliwaka hapa hapa kwetu. Waliouawa walikuwa saba, watatu wao raia. Mahema ya waliokimbia yalipigwa Isipingo, Phoenix na Chatsworth. Malawi, Zimbabwe na Msumbiji zikaleta mabasi kuchukua watu wao. Katikati ya 2025 waandamanaji walisimama mlangoni mwa Hospitali ya Addington wakidai vitambulisho kwa wagonjwa, wakawarudisha wageni. Ukishaanza kumkabidhi Jedi, kesho yake anakabidhiwa anayefanana na Jedi. Hilo kitabu kimelisema mwaka 2000, wasomaji wakataka meli.

Na hiyo Chatsworth ina yake. Kuanzia Agosti 1873 Waingereza walikuwa wakiwashusha hapa, Port Natal, watu waliookolewa kutoka majahazi ya watumwa. Wengi walikuwa Wamakua wa kaskazini mwa Msumbiji, ila kwa kuwa waliletwa kutoka Zanzibar wakaitwa Wazanzibari, na jina likawaganda. Waliambiwa wako huru, kisha wakafungwa kwa mikataba ya kazi. Walijenga maisha yao Kings Rest, kule Bluff. Makaburu walipopanga watu kwa rangi wakashindwa kujua wawaweke fungu gani, mwishowe wakawaandika Waasia wa aina nyingine, Wamakua wa watu! Mwanzoni mwa miaka ya 1960 wakahamishiwa Chatsworth. Zaidi ya miaka 50 baadaye, mahema ya 2015 yakapigwa kitongoji hicho hicho. Wale waliosema hadithi ya kambi haina mvuto, wanakata nywele mwendo wa dakika 30 kutoka hapo.

Wapo watakaonijibu kwamba hivi ni vitabu vya biashara, vimeandikwa na Wamarekani kuuza jina la filamu. Kweli kabisa, na lugha yake mara nyingi ni ya haraka haraka. Tena vina kosa kubwa kuliko hilo: adui ameumbwa asihisike katika ile Nguvu ya Jedi, yaani mtu unaweza kumuua bila moyo kushtuka. Vijana wetu wengi walipenda hapo hapo. Adui asiye na uhai ndani yake ni raha sana kusoma. Lakini mfululizo wenyewe haukuishia hapo. Katika The Unifying Force, kitabu cha mwisho, wavamizi hawaangamizwi. Wanapewa sayari ya kuishi, kwa kuwa nao walipoteza yao zamani. Nimewasikia wasomaji wetu wakisema mwisho huo ni wa kike, ni huruma ya bure. Wakimbizi wasioruhusiwa kulala bila wasiwasi wanakataa adui asipewe pa kulala!

Nisingeshangaa sana kama tusingekuwa na tabia hiyo nje ya vitabu. Nenda kwenye vikao vyetu, kwa wenye vibali na vyeti, utasikia: wale wazamiaji wametuharibia jina. Wale waliokuja wamejificha kwenye meli, wanaolala karibu na bandari, wale mateja. Polisi wakiwazoa, tunasema afadhali. 2015 nilimsikia mtu mzima, Mtanzania, akieleza kwamba wenye hasira wana haki, ila wangechagua. Wangechagua nani, mzee wangu?

Mkenya mmoja, Katama Mkangi, aliwekwa kizuizini mwaka 1986 kwa siasa zake, na mwaka 1995 akatoa riwaya ya Kiswahili ambamo mtu aliyehukumiwa kifo anarushwa angani na kufika nchi nyingine. Aliiita Walenisi. Litamkeni taratibu: wale ni sisi. Ninawajua watu wanaotaja majina ya sayari 40 za Star Wars kwa mpigo, na hawajawahi kuisikia.

Nanyi wa nyumbani msikae pembeni mkitikisa vichwa kuhusu ubaya wa Sauzi. Desemba 1996 ni sisi Tanzania tuliowaambia Wanyarwanda wa kambi za Ngara waondoke kabla ya mwaka kwisha, na askari wetu wakawaswaga hadi mpakani. Nyarugusu, Kigoma, ipo tangu mwaka huo huo. Watoto waliozaliwa humo leo ni wazazi.

Basi wale wanaosema Balance Point ingekuwa nzuri kama habari za kambi zingepunguzwa, naomba waje na hoja, wataje ni kurasa zipi wangezikata, halafu wanieleze wenzao wa Isipingo wangekubali kukatwa wapi.

Nawasilisha.