Soja wa Neti Naye Hukosea

Leo sitaki kesi ya bei ya bando. Nataka tuongee kuhusu jirani anayekula neti ya wengine na ya wengine haipitishi.

Hapa Gatina tulijaribu kuunganisha rauta nne, ploti kwa ploti. Data ya msee wa nyuma inapitia kwa wa katikati mpaka ifike kwa aliyelipia intaneti. Wa katikati akigoma, inakufa hapo. Rauta ya mmoja wetu ikaanza kuzima kila jioni. Mbogi ikasema akatwe, na mimi ndio nilipiga kelele zaidi.

Hii shida ilichambuliwa kitambo. Mwaka 2000 watafiti wa Stanford walifanya kila kifaa kuwa soja wa mwenzake: ukishampa jirani paketi, unabaki ukisikiliza kama ataipitisha mbele. Akinyamaza mara nyingi, anawekwa alama mbaya na njia inamkwepa. Kwenye majaribio yao ya kompyuta, hata asilimia 40 ya vifaa vikiwa vikorofi, data iliyofika iliongezeka kwa asilimia 17. Poa. Lakini manze, angalia vizuri: mkorofi ameondolewa kazi, na paketi zake bado zinabebwa. Hiyo ni adhabu ama ni likizo?

Mwaka 2002 ukaja mfumo wa CONFIDANT. Huo unaambia marafiki nani ni mbaya, na mzigo wake haubebwi tena. Angalau hapo anaumia. Ila sasa umefungulia udaku mlango, na soja mwenyewe hukosea: mawimbi yakigongana hasikii kitu, anaandika tu kwamba jirani amegoma.

Nilipoenda kugonga kwa yule jirani, nilipata giza. Tokeni za stima zimeisha, anangoja pesa ya kibarua Ijumaa. Rauta ingewaka na nini?

Kwa hivyo mimi nataka neti ambayo kifaa kinaweza kusema "nimeishiwa" na kikirudi kipate alama zake zote. Najua kuna mjanja atadanganya. Huyo ukimpata betri imejaa na bado anagoma, kata, sina huruma. Lakini kwanza mtu aulizwe.

Ijumaa haikufika, tukachanga tokeni. Nilitoa mia. Bado sijamwambia nani alitaka akatwe.