Maji Meupe Si Lazima Yawe Salama

Ndugu Waislamu, tangu madrasa tumefunzwa kuyapima maji kwa sifa tatu: rangi, ladha na harufu. Viwanda vya nguo vimetuletea mtihani ambao jicho pekee haliwezi kuubaini.

Pamba inapotiwa rangi, hutumika chumvi nyingi ili rangi ishike. Ile isiyoshika hutoka na maji machafu, pamoja na chumvi yenyewe. Rangi huzuia mwanga wa jua usiifikie mimea ya mtoni. Wanga wa nyuzi huoza na kumaliza oksijeni, na samaki hufa. Rangi huweza kuondolewa, lakini chumvi hubaki katika maji yanayoonekana safi, wala kuyachemsha hakuiondoi.

Tutazame Tiruppur, kusini mwa India. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 lilijengwa bwawa la Orathupalayam katika mto Noyyal ili kumwagilia mashamba. Likajaa maji ya viwanda vya rangi, hata wakulima wakayakataa kwa chumvi yake. Mwaka 2011 Mahakama Kuu ya Madras iliamuru viwanda hivyo vifungwe mpaka viache kabisa kumwaga majitaka.

Mtume (s.a.w.) alikataza kukojoa katika maji yaliyotuama. Ikiwa haja ndogo ya mtu mmoja imekatazwa, seuze bomba la kiwanda? Hukumu hufunga bomba, haiyarudishii maji utamu wake. Basi maji yasafishwe kiwandani kabla ya kutoka, na gharama aibebe mwenye faida ya kitambaa, si mkulima aliye chini ya mto.

Wallahu a'lam.