Kosa la Kufuga na Kufuli ya Mwenye Nyumba

Miongoni mwa magomvi yanayoletwa mbele ya viongozi wa jumuiya ndogondogo mijini, lipo moja ambalo wengi hulicheka kabla ya kulisikiliza: mpangaji amekatazwa kufuga, naye amefuga. Kwa huyu ni mbwa, kwa yule ni kuku au bata uani. Kicheko hukoma pale mwenye nyumba anapotia kufuli yake mlangoni, na mama na watoto wakalala barazani pamoja na vyombo vyao. Hapo shauri si la mbwa tena, ni shauri la haki.

Tuanze na haki ya mwenye nyumba, kwa kuwa mnyonge hasaidiwi kwa kumdhulumu mwingine. Aliyejenga ana haki ya kuweka masharti, na mpangaji aliyeyakubali amefungwa na neno lake. Sharti la kutofuga si ukatili. Nyumba nyingi za kupanga katika Dar es Salaam, Tanga au Morogoro zina vyumba vinavyotazamana ukumbini, na wote waliomo hutumia ua mmoja, choo kimoja na bomba moja. Mbwa asiyechanjwa anaweza kuleta kichaa cha mbwa, ugonjwa ambao dalili zake zikishajitokeza kwa binadamu, karibu kila mara humuua. Tena jirani yetu Mwislamu anayetia udhu katika ua huo ana sababu nzito ya kutotaka mate ya mbwa yaguse ndoo na nguo zake. Mpangaji anayejibu kwamba kodi amelipa na chumba ni chake, amesahau kuwa ua si wake peke yake.

Hata hivyo, haki ya kuweka sharti haimpi mtu haki ya kuwa hakimu katika shauri lake mwenyewe. Yafaa kwanza tuulize: Je, sharti lilitajwa siku ya kupokea kodi, au limezaliwa baada ya mbwa kubweka? Je, limeandikwa katika mkataba? Je, mwenye nyumba mwenyewe hafugi kuku katika ua uleule? Je, hakumwona mnyama huyo, akanyamaza, akapokea kodi ya miezi sita mingine? Aliyenyamaza siku ya kupokea fedha hana uso wa kung'aka kesho yake.

Ikiwa sharti lilikuwapo na limevunjwa, njia ipo. Mpangaji aitwe, aelezwe kosa lake kwa upole mbele ya shahidi. Asiposikia, aandikiwe barua yenye tarehe, inayotaja sharti lililovunjwa na muda aliopewa wa kumhamisha mnyama. Hii si huruma tu. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999 inamtaka mwenye nyumba anayekusudia kuvunja mkataba kwa sababu ya sharti lililokiukwa ampe mpangaji taarifa kwanza, pamoja na nafasi ya kurekebisha kosa linalorekebishika. Na kosa la kufuga hurekebishika: mnyama akiondoka na uharibifu ukilipwa, limekwisha.

Yakishindikana, shauri lipelekwe kwa mwenyekiti wa mtaa au Baraza la Kata, ambalo tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 halitoi tena hukumu bali husuluhisha. Likishindwa, lipo Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Na mpangaji akihama kabla ya muda wake, kodi ya miezi ambayo hakuikalia ihesabiwe, isimezwe kimya kimya. Kutia kufuli, kung'oa mabati au kukata maji ni mabavu. Vivyo hivyo kutega sumu katika nyama. Mnyama hakutia sahihi mkataba wowote, na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamkinga na ukatili.

Sasa tuseme nanyi, viongozi walei, kwa kuwa nyinyi ndio mnaoitwa kwanza. Mara nyingi mwenye nyumba ni mzee anayefahamika, na mchango wake wa ujenzi wa kanisa husomwa hadharani. Mpangaji ni mgeni aliyeingia jumuiya juzi. Msipime shauri kwa mizani hiyo. Wasikilizeni wote wawili siku moja, someni mkataba wenyewe, na waulizeni wapangaji wengine, ambao wanaishi na kelele hizo lakini hakuna awaulizaye. Mwulizeni mpangaji kwa nini anafuga. Aliyeleta mbwa kwa kuogopa wezi huenda akamwachia iwapo lango la ua litatengenezwa. Lakini msimhurumie hadi kumhalalishia kuvunja neno alilolitoa. Mkifikia mapatano, yaandikwe, yatiwe sahihi, na kila upande ubaki na nakala.

Wenye nyumba waliomo katika jumuiya zetu tunawaomba jambo moja: masharti yote yaandikwe na kusomwa kabla ya kodi kupokewa. Wapangaji nao tunawaomba wasitie sahihi neno ambalo hawakusudii kulitimiza. Mbwa aweza kuhamishwa kwa siku moja, bali mtoto aliyelazwa barazani kwa sababu ya mbwa huyo atakumbuka kwa muda mrefu ni nani waliopita wakamtazama.