Meno Hayaui Mtoto

Ndugu zangu wa Buguruni, wiki iliyopita tumezika mtoto wa miezi minane. Aliharisha siku tatu hapa hapa uani, sote tukiona. Mmoja akasema anaota meno. Mwingine akasema ni meno ya plastiki, apelekwe kwa mzee akang'olewe. Wa tatu akanong'ona kwamba amebemendwa, yaani wazazi wamevunja mwiko wa kunyonyesha, na kwa aibu hiyo mama akajifungia ndani kutwa nzima. Muuza duka la dawa akampa vidonge; ORS, dawa ya kurudisha maji mwilini, hakuitaja. Alipofikishwa zahanati macho yalikuwa yamezama, analia bila machozi, na ngozi ya tumbo ukiifinya inabaki imesimama kama ya bibi kizee. Wakaambiwa dripu hakuna, wakanunue nje! Na sera inasema mtoto wa chini ya miaka mitano anatibiwa bure.

Maji machafu, vyoo kufurika, mikono isiyooshwa: hayo tunayajua tangu shule ya msingi. Tunachopuuza ni kwamba kuharisha hakuchukui watu sawasawa. Mtu mzima mwenye afya mara nyingi atakunywa maji apone. Anayekwenda haraka ni mtoto ambaye hajatimiza mwaka, hasa asiyenyonya, mwenye utapiamlo, aliyetoka kuugua surua, anayeishi na VVU, na mzee aliyekwishachoka mwili. Hao ndio tunaowanyima maji, eti tumbo lifunge! Huo ni ukatili, hata ukifanywa kwa nia njema.

Basi kila nyumba iweke pakiti mbili za ORS leo, kabla mtu hajaugua. Pakiti moja kwa lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa. Yakilala siku nzima, mwaga, koroga mengine. Ikikosekana, lita hiyo hiyo tia sukari vijiko vya chai sita na chumvi nusu kijiko, vya kufuta, si vya kurundika. Mnyweshe kidogo kidogo kwa kijiko. Akitapika, ngoja dakika kumi, endelea. Ziwa asinyimwe, uji asinyimwe. Daini vidonge vya zinki, avimalize siku 10 hadi 14 hata kama ameacha kuharisha. Choo kikiwa na damu, au amelegea, hanywi, hakojoi, msingoje kuche.

Vijana wa bajaji, pangeni zamu za usiku za kuwakimbiza wagonjwa. Mwenyekiti wa mtaa, itisha mkutano, twende zahanati kwa pamoja tuulize dawa zinakwenda wapi. Wazee mnaong'oa meno ya watoto, shikamooni, na tunawasihi: acheni. Na nyinyi mama zangu, mkisikia kwa jirani mtoto anaharisha, msikae barazani kumsema mwenzenu. Ingieni, mpeni mama pole, mshike kijiko.

Mvua za masika zinakuja. Akifa mwingine kwa kukosa maji, sukari na chumvi, asisimame mtu makaburini kutuambia kazi ya Mungu haina makosa. Makosa yatakuwa yetu.