Bei Isiyotazama Uso wa Mnunuzi

Katika nchi ya Marekani, ambako pikapu limekuwa kipando cha fundi, cha mkulima na hata cha karani asiyebeba mzigo mzito kuliko mkoba wake, iko desturi ya biashara ambayo wengi katika ndugu zetu waliohamia huko wanaistahiki na hawaijui: kwamba mtu aliyeajiriwa na kampuni au taasisi yenye mapatano na kiwanda cha magari aweza kununua gari jipya kwa bei ya washirika, ambayo imekwisha pangwa na kuandikwa kabla yeye hajatia mguu dukani. Kwa Ford mpango huo huitwa X-Plan. General Motors nao wana punguzo lao kwa waajiriwa wa kampuni zinazowauzia vipuri na huduma, na viwanda vya Stellantis vina utaratibu wa namna hiyo hiyo. Nimesukumwa kuandika kwa kuwa watu wetu si wachache tena huko. Louisville peke yake, mji wa Kentucky ambako Ford huunda pikapu zake kubwa za Super Duty, umepokea Wakongo wengi wasemao Kiswahili; na Wakenya na Watanzania wa Texas na Minnesota wamo mahospitalini, maghalani na viwandani, yaani mahali ambapo mapatano kama hayo hupatikana.

Njia yenyewe ni fupi. Mwajiriwa huiuliza ofisi ya utumishi kama kampuni imo katika orodha ya washirika. Ikiwa imo, hupewa alama ya kampuni, na kwa alama hiyo hujipatia kutoka kiwandani namba ya uthibitisho aipelekayo kwa wakala wa magari. Bei ya mpango huwa imeandikwa katika ankara ya kiwanda, hati ambayo mnunuzi wa kawaida aghalabu haionyeshwi, na mwenye namba ana haki ya kuomba aione kwa macho yake. Ada ya makaratasi huwekewa kikomo, na punguzo jingine ambalo kiwanda kimeutangazia umma aghalabu huongezwa juu ya hilo. Gharama ya kulileta gari kutoka kiwandani, ambayo kwa pikapu kubwa siku hizi hukaribia au hupita dola 2,000, haipunguzwi kwa mtu yeyote.

Zile dola zinazookolewa sizidharau hata kidogo, maadamu pikapu kubwa hupita dola 50,000 kwa wepesi, na mtu alipwaye kwa saa hujua kila dola yake imemtoka mwilini vipi. Walakini naona faida iliyo kubwa zaidi ni kwamba bei hiyo haimtazami mtu uso, wala haisikilizi matamshi yake. Mwaka 1991 mwanasheria Ian Ayres alichapisha katika jarida la sheria la Harvard matokeo ya uchunguzi alioufanya katika maduka ya magari ya Chicago na viunga vyake, ambamo aliwatuma wanunuzi wa majaribio, waume kwa wake, weupe na weusi, waliofundishwa kusema maneno yale yale na kupatana bei kwa utaratibu mmoja. Ikadhihirika kuwa wanaume weupe walikubaliwa bei nafuu kuliko wanawake weupe, na nafuu zaidi kuliko watu weusi wa jinsia zote mbili. Uchunguzi mpana zaidi, alioutoa pamoja na Peter Siegelman mwaka 1995, nao ulionyesha kuwa weusi na wanawake walitajiwa bei za juu.

Sisi tuliolelewa karibu na masoko twaweza kudhani kwamba ustadi wetu wa kupatana bei utatuvusha. Lakini huko Kariakoo au Marikiti mnunuzi huijua bei ya duka la jirani, humjua aliyenunua jana, na akichoka huondoka bila hasara. Ilhali katika duka la magari la Marekani muuzaji ndiye aliyeishika ankara, na mgeni hana mbele yake ila ile karatasi iliyobandikwa katika kioo cha ubavuni. Karatasi hiyo ni tunda la sheria ya mwaka 1958, iliyoletwa na Seneta Mike Monroney wa Oklahoma, nayo humwonyesha mnunuzi bei inayopendekezwa na kiwanda, vifaa vya ziada na gharama ya usafirishaji. Ni sheria njema, tena imedumu. Bali karatasi hiyo haisemi wakala mwenyewe alitoa kiasi gani, na hapo ndipo mwenye ngozi nyeusi na lafudhi ya Goma au Kisumu huanza kupunjwa bila kujua. Namba ya mshirika humwondoa katika mashindano hayo, kwa kuwa bei haitoki tena katika makisio ya muuzaji juu ya mtu aliyeketi mbele yake.

Nasema tena kwa msisitizo kwamba kinga hiyo ni ya bei ya gari tu, na dhuluma iliyofungiwa mlango mmoja ina milango mingine. Muuzaji huleta karatasi iliyogawanywa mafungu manne: bei ya gari, thamani ya gari kuukuu unalolitoa, fedha ya kutanguliza, na malipo ya kila mwezi, kisha kalamu yake huanza kutembea kutoka fungu hadi fungu, ikipunguza huku na kuongeza kule, mpaka mnunuzi aifurahie bei ya washirika aliyopewa kamili, asitambue kuwa gari lake kuukuu limethaminiwa kwa nusu. Baadaye huingizwa katika chumba cha mikopo, na humo ndimo penye hatari kubwa. Chukua mkopo wa dola 45,000 wa miezi 72: kwa riba ya asilimia 6 malipo ni kama dola 746 kwa mwezi, na kwa asilimia 8 ni kama dola 789. Dola 43 hazimtishi mtu mezani, lakini deni likiisha zimekuwa zaidi ya 3,000, nazo zaweza kulimeza punguzo zima. Tena wakala ana ruhusa ya kuongeza riba juu ya ile aliyoitaka benki, na sehemu ya nyongeza hiyo ni yake. Mnamo Desemba 2013 serikali ya Marekani ilifikia mapatano na Ally, mkopeshaji mkubwa wa magari, ambaye alitakiwa kutoa dola milioni 98, kwa madai kwamba wakopaji zaidi ya 235,000, Wamarekani weusi, Walatino na wenye asili ya Asia, walitozwa nyongeza kubwa kuliko wazungu. Kwa hiyo ndugu yangu apate kwanza ahadi ya mkopo kutoka chama cha akiba na mikopo, aipate bei kwa maandishi, ndipo alitaje gari lake kuukuu.

Wala mtu asidhani kwamba bei ya washirika ndiyo ya chini kuliko zote. Gari lililokaa uwanjani mpaka toleo jipya limefika laweza kuuzwa chini yake, na katika hali hiyo mwenye namba anunue kwa bei iliyo nafuu. Kinyume chake, wakala hashurutishwi kuupokea mpango: katika miaka ya 2021 na 2022, vipande vya elektroniki vilipoadimika, wengi waliuza magari juu ya bei ya karatasini, na baadhi wakawakatalia wenye namba waziwazi. Mnunuzi hana pengi pa kukimbilia, kwani pikapu za kutoka ng'ambo zimetozwa ushuru wa asilimia 25 tangu 1964, na ile Hilux iliyozoeleka kutoka Mtwara hadi Bunia haiuzwi mpya huko.

Linaloniuma ni kwamba haki hii imefungamanishwa na ajira. Muuguzi aliyeandikwa kazi na hospitali yenyewe huipata, na msafishaji wa wodi ile ile, aliyeletwa na wakala wa vibarua, huikosa. Nayo si sheria ya maumbile. Mwezi Juni 2005 General Motors waliufungulia umma wote bei ya waajiriwa wao, Ford na Chrysler, ambayo leo ni ya Stellantis, wakafuata mwezi uliofuata. Na Aprili 2025, ushuru mpya wa magari ya kigeni ulipoanza kutozwa, Ford walifanya hivyo tena. Viwanda vikitaka vinaweza. Na hata visipotaka kwa watu wote, Ford wamekwisha kuikubalia X-Plan jumuiya ya wapenda eropleni ya EAA, ambayo wanachama wake hawaunganishwi na mwajiri yeyote. Vyama vya Wakongo, Wakenya na Watanzania vilivyosajiliwa katika miji ya Marekani vina katiba, viongozi na daftari za wanachama. Navisihi viandike barua kwa viwanda hivyo vitatu na kuomba mapatano yale yale, jina la msafishaji likiwamo.