Hadithi ya Mzuka na Sinema Zake: Kamera Haijui Kusema "Eti"

Wapo walimu wenzetu wanaoshauri siku hizi kwamba, madhali vitabu ni haba na simu zimeenea, yafaa fasihi ifundishwe kwa sinema. Mwanafunzi, wasema, akiisha kuiona hadithi kwa macho yake atapata hamu ya kuisoma. Sisi tufundishao Kiswahili huku Nchelenge, ukingoni mwa Ziwa Mweru, tuliuitikia ushauri huo, tukaujaribu, na sasa twaandika kuupinga. Sinema twazipenda kama wazipendavyo wengine. Lakini iko hadithi moja iliyotufungua macho, na yuko mtoto mmoja ambaye hatujamsahau.

Hadithi yenyewe ni The Turn of the Screw ya Henry James, Mmarekani aliyeishi Uingereza, iliyotoka mwaka 1898. Binti wa mchungaji wa kijijini aajiriwa kuwafundisha mayatima wawili, Miles wa miaka kumi na Flora wa miaka minane, katika jumba kubwa la shamba liitwalo Bly. Ami yao aliyeko London ametoa sharti moja tu: asisumbuliwe. Punde mwalimu yule aona mwanamume juu ya mnara, na baadaye mwanamke ng'ambo ya ziwa. Kwa maelezo yake, mtunza nyumba, Bi. Grose, amtambua mwanamume kuwa ni Peter Quint, mtumishi aliyekwisha kufa. Mwanamke, mwalimu aamua mwenyewe kuwa ni Bi. Jessel, mwalimu aliyemtangulia, naye pia marehemu. Ni yeye peke yake asemaye kuwa anawaona. Bi. Grose haoni kitu. Watoto hawakiri. Mwishowe mwalimu ambana Miles amtaje Quint kwa jina, na mtoto afia mikononi mwake.

Twaomba wenzetu walitazame vizuri neno hilo, mwalimu. Waingereza wanalo neno lao la pekee kwa mwanamke aliyeajiriwa kufunza watoto nyumbani mwa tajiri. Sisi hatukulihitaji tulipokuwa tukifasiri, kwani kazi yake ndiyo kazi yetu. Hadithi hii yamhusu mwenzetu, aliye na bidii, na upendo wa kweli kwa wanafunzi wake, na yakini isiyotikisika.

Tangu mwaka 1934, Edmund Wilson alipoandika kwamba mizuka ile ilikuwa kichwani mwa mwalimu tu, wahakiki hawajaelewana, wala hatudhani wataelewana. Henry James aliyapanga mambo kwa makusudi. Mtu asoma daftari mbele ya rafiki zake karibu na moto, wakati wa Krismasi. Daftari ni la mwanamke aliyekwisha kufa. Mmoja wa waliosikiliza ndiye atuletee sisi. Kila tunachokijua kimepita katika kinywa cha mtu. Kwa Kiswahili tungesema kwamba hadithi nzima imeandikwa chini ya neno moja dogo: eti.

Kwa wanafunzi wasomao kurasa hizi, tueleze kidogo. Mtu akisema "Mzuka ulikuja," ameuleta mzuka. Akisema "Eti mzuka ulikuja," amemleta msemaji, na mzuka umebaki nyuma yake, haujulikani upo au haupo. Lugha yetu ni tajiri wa vyombo vya namna hii: huenda, yasemekana, alijiona kama aliyeona, kana kwamba. Hata kitenzi chenyewe huamua kesi. "Alitokewa na mwanamke" yamkubali mwanamke. "Alidai kumwona mwanamke" yamweka kizimbani aliyeona. Tulipofasiri sura ya ziwani tulikaa jioni tatu juu ya kitenzi kimoja, tukarudi kwenye "aliona" tupu, lakini kila mara likitanguliwa na nafsi: mimi niliona.

Jina nalo lilitushughulisha. Wanafunzi wetu wa Kibemba walisema ni umupashi. Wale waliovuka kutoka Kongo tangu mwaka 2017, ambao sasa wako katika makazi ya Mantapala, walisema ni muzimu. Yote mawili tuliyakataa kwa heshima, kwani mzimu wa wazee huheshimiwa na hutambikiwa, na Quint hana mjukuu wa kumtambikia. Tulichagua mzuka, kwa kuwa neno hilo lachukua kitendo chake ndani yake, kuzuka, bila kutuambia ni nani. (Ubishi wa "mzuka ulikuja" au "mzuka alikuja" ulichukua kipindi kizima, na hatujutii.)

Sasa tuje kwenye sinema.

Iliyo bora kupita zote ni The Innocents ya mwaka 1961, iliyoongozwa na Jack Clayton, Deborah Kerr akiwa mwalimu. Walioandika mchezo wake, William Archibald na Truman Capote, walijua thamani ya shaka. Mara nyingi kamera yatuonyesha kwanza uso wa mwalimu ukishtuka, ndipo itupeleke kwenye kile alichokiona, hata twajiuliza kama si uso ule uliokizaa. Twakiri kwamba hii ni kazi ya mabingwa. Lakini hata wao waliteleza. Mwalimu aingia katika chumba cha kusomea, amkuta Bi. Jessel ameketi akilia. Mara mwanamke hayupo, na pale mezani limebaki chozi. Nasi twaliona. Tone moja la maji limekwisha kutoa hukumu ambayo mwandishi aliizuia kitabu kizima.

Waliofuata hawakuteleza, walikimbilia shimoni wenyewe. Mwaka 1971 Michael Winner alitengeneza The Nightcomers, Marlon Brando akiwa Quint, akatusimulia yaliyotokea kabla mwalimu hajafika, kana kwamba Henry James alisahau kuyaandika: Quint na Bi. Jessel wako hai, na watoto ndio wanaowaua. Mwaka 2020 zilitoka mbili kwa mpigo. The Turning ya Floria Sigismondi twaipita, kwani mwisho wake uliwachosha hata wapenzi wa mizuka. Ya pili ni mfululizo wa Netflix wa sehemu tisa, The Haunting of Bly Manor, wa Mike Flanagan. Humo mizuka ina nasaba, ina sababu, ina kanuni kama za shirika la reli. Kuna bibi wa ziwani atokaye majini usiku, na sehemu nzima yatumika kutueleza alivyopata kuwa hivyo. Miles hafi. Watu wengi waliupenda mfululizo huo, na machozi yao hatuyadharau. Lakini kinachoitwa huko hadithi ya Henry James ni majina tu. Mwalimu amepewa haki: mizuka ipo, alikuwa sahihi, na yakini yake ni ushujaa.

Tuliligawa darasa letu la jioni. Kundi la kwanza tulilisomea sura ya ziwani. La pili liliona kipande hicho hicho katika filamu ya 1961, kwa kompyuta ndogo iliyowekwa juu ya meza, nasi tukifasiri maneno. Kisha kila mmoja aliandika kisa kwa Kiswahili. Hatudai kuwa huo ni utafiti. Wanafunzi walikuwa wachache na stima ilikatika mara mbili. Hata hivyo tofauti ilikuwa wazi. Waliosomewa waliandika: mwalimu alisema aliona mwanamke, mwalimu alifikiri kwamba mtoto naye anamwona. Walioona filamu waliandika: mwanamke mweusi wa nguo alisimama katika matete. Hapakuwa na "alisema," wala "alifikiri," wala "huenda." Vyombo vyote tulivyovifundisha muhula mzima vilibaki sandukuni, kwani mtu hahitaji kusema "eti" kwa jambo aliloliona mwenyewe.

Tutaambiwa kwamba hili ni jambo dogo la sarufi. Huku kwetu si dogo.

Miaka michache iliyopita, katika shule moja ambayo hatutaitaja, alikuwako msichana wa miaka tisa hivi, yatima aliyelelewa na bibi yake. Mtoto wa jirani alifariki kwa homa. Wilaya yetu ni miongoni mwa zile zinazoteswa sana na malaria katika Zambia, na vifo vya namna hiyo si vigeni. Pakasemwa eti msichana alionekana usiku juu ya paa la nyumba ya msiba. Ile "eti" ilidumu siku mbili. Siku ya tatu mwalimu wake alisema mbele ya darasa kwamba yeye mwenyewe amemwona. Wanafunzi walilihama benchi lake. Tulipokwenda kuuliza tulijibiwa kwa methali, Lisemwalo lipo, na aliyetujibu alikuwa na cheti cha ualimu. Sheria ya uchawi ya nchi hii, ambayo asili yake ni ya mwaka 1914, yakataza kumtaja mtu kuwa mchawi, lakini hakuna aliyeifungua. Muhula uliofuata msichana hakurudi. Bibi yake aliuza mbuzi wawili, wakahama.

Mwalimu yule hakuwa mwovu. Alilala msibani, alikuwa amechoka, usiku taa za wavuvi wa chisense hucheza juu ya maji na kupeleka vivuli kila paa. Aliona kitu. Alichokosa ni neno la kukiwekea mbali naye kidogo mpaka kipambazuke.

Wako watakaotuuliza: je, wale wasimulizi wa vibanda vya video, kama marehemu na walio hai waliofuata nyayo za Lufufu wa Dar es Salaam, hawairudishii picha sauti ya msimulizi? Huirudishia, na aliye hodari aweza hata kuirudishia shaka kwa mzaha mmoja. Lakini kibandani mtu hulipia kiingilio ili atishwe, na msimulizi ajua anayemlisha.

Haki yatulazimisha kutaja filamu moja ipingayo kichwa cha makala haya. Ni I Am Not a Witch ya mwaka 2017, ya Rungano Nyoni, mzaliwa wa Lusaka. Msichana mdogo, Shula, ashtakiwa uchawi baada ya mwanamke kujikwaa na kumwaga maji aliyoyateka. Katika kituo cha polisi shahidi mmoja aeleza kwa bashasha jinsi Shula alivyomkata mkono kwa shoka. Mikono yake yote miwili ipo. Kumbe ilikuwa ndoto. Kamera haikutuonyesha shoka wala ndoto. Ilikaa juu ya uso wa msemaji mpaka akaishiwa. Hivyo kamera nayo yaweza kufundishwa kusema "eti," endapo mwenye kuishika ataizuia isikimbilie kile kinachosimuliwa. Katika sinema zote za jumba la Bly tulizoziona, hakuna aliyeizuia mpaka mwisho.

Filamu hiyo tutaionyesha darasani, wala hatuoni aibu ya kujikana. Lakini Henry James tutaendelea kumsoma kwa sauti, kurasa chache kila jioni, kwa tafsiri yetu yenye viraka.

Juma lililopita tulirudia sura ya ziwani. Flora ameketi, mgongo wake ukielekea maji, ameokota kibao chenye tundu na anajaribu kukichomeka kijiti kiwe mlingoti, apate mashua. Watoto wa wavuvi walilifurahia hilo. Mmoja alisema kijiti kikikazwa hivyo kibao kitapasuka. Mwalimu, kwa upande wake, amekwisha kuamua kwamba ng'ambo amesimama mwanamke, na kwamba Flora anamwona na anajifanya hamwoni. Tulifunga daftari hapo. Mvulana wa Mantapala, ambaye kwa kawaida hasemi, alinyosha mkono.

"Mwalimu," aliuliza, "mbona hakumwuliza mtoto?"