Mkweche ni Neno la Mvivu

Kuna neno ningependa tulipumzishe: mkweche. Tunalitupia gari lolote lililotuzidi umri, tunacheka, mjadala unaisha. Ni neno la mvivu, kwa sababu linampa mtu ruhusa ya kuhukumu bila kufungua boneti.

Nyumbani kwetu Songea, uani, kuna Land Rover 109 ya pikapu ambayo tangu mwaka jana tunaifumua na kuiunda upya. "Sisi" ni fundi mmoja mzee, kijana wa kuchomelea, na mimi kila ninaporudi likizo. Kwenye kundi la WhatsApp la familia, wazo linaloungwa mkono zaidi ni kuiuza kwa kilo kwa wanunuzi wa chuma chakavu, fedha zichangie kununua Toyota IST. Kaka yangu aliyeko Dar es Salaam aliandika: "Dogo, unasoma masta halafu unashinda umelala chini ya mkweche?"

Namheshimu kaka. Ila swali lake lina matusi mawili ndani yake: kwamba gari la zamani ni takataka, na kwamba aliyesoma hapaswi kushika spana. Nitayajibu yote mawili.

Tuanze na takataka. Land Rover ya kwanza ilitoka mwaka 1948, wakati Uingereza ilikuwa na uhaba wa chuma baada ya vita, ndiyo maana bodi yake ikatengenezwa kwa alumini. Bodi hiyo haishiki kutu kama bati. Ugonjwa wake uko kwenye chasisi, ambayo ni chuma kilichoundwa kama boksi refu: maji na matope yakiingia, inaliwa kutoka ndani. Na pale alumini inapogusana na chuma penye unyevu, alumini nayo huanza kuliwa. Fundi huigonga chasisi kwa nyundo na kusikiliza. Palipo pazima panalia, palipooza panatoa sauti ya kopo. Yetu ilikuwa imeoza sehemu tatu. Tulikata, tukachomelea vipande vipya, tukapaka rangi ya kuzuia kutu. Gari lenye ugonjwa wa sehemu tatu si maiti.

Kisha injini. Ile ya petroli, ya sentimita za ujazo 2,286, ilikuwa imechoka na inakunywa mafuta kama haina mwenyewe. Tukaweka dizeli ya Nissan, TD27, lita 2.7. Ukisikia hivyo unaweza kudhani ni kutoa hii na kupachika ile. Giaboksi ya Land Rover haiijui injini ya Nissan. Katikati lazima likerezwe bamba la kuziunganisha, na kitovu cha shafti ya injini kikae sawasawa na kitovu cha shafti ya giaboksi. Ukikosea kwa unene wa karatasi chache, gari litawaka vizuri, utalisifia, halafu baada ya muda beringi na klachi vitakufa. Fundi wetu alipima, akafungua, akapima tena, siku mbili nzima. Hana cheti cha kutundika ukutani. Kuna watu wana shahada na hawajawahi kuwa na subira hiyo.

Hakuishia hapo. Pikapu hii ilitoka kiwandani na breki za ngoma magurudumu yote manne, na mguu wa dereva ndio uliofanya kazi kubwa. Alikataa kuiwasha kwa safari ya majaribio mpaka tufunge kifaa cha kuongeza nguvu ya breki. "Anayeongeza mwendo bila kuongeza breki anachonga jeneza," alisema.

Wako pia wapenzi wa magari ya kale wanaotaka kila nati ibaki kama ilivyotoka kiwandani. Kwao injini ya Nissan ndani ya Land Rover ni kufuru. Nawaelewa, ila si wa kwetu. Kabla lami haijafika Mbinga na kushuka hadi Mbamba Bay, magari ya aina hii yalibeba watu, kahawa na mahindi kwenye milima ya Umatengo wakati wa masika. Hakuna aliyeuliza kama springi ni ya asili. Aliuliza kama tutafika. Uasilia wa pikapu ya Ruvuma ni kufanya kazi, na atakayelitaka gari la kutazama tu ajue Songea tayari tuna makumbusho.

Najua hoja iliyobaki: moshi na usalama. Ni hoja nzuri. Gari linalofuka moshi mweusi na lenye breki mbovu halistahili barabara, liwe la mwaka 1975 au la 2015. Lakini hiyo ni sababu ya kuhitaji mafundi bora zaidi. Haitoshi kuwa sababu ya kuwacheka tulionao.

Hapo ndipo lilipo tusi la pili. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere aliandika Elimu ya Kujitegemea, akionya juu ya shule inayomtenga msomi na kazi. Tumeinukuu kwenye mitihani, tukapata alama, tukaendelea kujitenga. Oktoba 2024 Land Rover zilifurika Arusha kwa tamasha lililolenga kuipiku rekodi ya Ujerumani ya magari 632, iliyowekwa mwaka 2018. Tukapiga picha, tukaposti. Wangapi kati yetu walijiuliza nani ameyaweka hai magari yale miaka yote hiyo? Juni mwaka huohuo Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria ya haki ya kutengeneza vifaa kama mashine za kufulia na simu badala ya kuvitupa. Chuoni tunaisoma kama fikra mpya. Kwenye gereji za Songea ni Jumatatu ya kawaida.

Kwa hiyo nadai mambo matatu. VETA ina utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa. Uwafuate mafundi gerejini, wasisubiriwe waje na barua. Wanafunzi wa uhandisi wapelekwe mafunzo kwa vitendo chini ya miembe, kwa mafundi hawa, na mafundi walipwe kama walimu, kwa sababu ndicho watakachokuwa. Na sisi wenye shahada tuache kumwita mtu "fundi wa mtaani" kwa sauti ile tunayoijua.

Atakayetaka kubisha, abishe. Ila kwanza afungue boneti.